Mkono Usiopimwa

Ndugu zangu, mifano mingi tunayosimuliwa mahali hapa haina majina. Husemwa mkulima mmoja, mjane mmoja, tajiri mmoja, nasi tunaelewa. Mfano wa leo una majina, na mtaona mbele kwa nini ilipasa yatajwe. Watu wenyewe ni wa kubuni. Msiende kuwatafuta vitongojini.

Alikuwako mama aliyeitwa Nemburis, mama wa Meshili, mwenye boma lake kwenye miteremko ya mlima, mahali watu wanapolima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na sifa yake haikutokana na shamba wala ng'ombe. Ilitokana na shanga. Alitunga mikufu, alitunga mikanda, lakini kazi iliyomjulisha ilikuwa bangili ya mkononi, ile ya safu tano, inayofungwa kwa kifungo upande mmoja na kitanzi upande wa pili. Kila kitu cha kazi hiyo alikiita kwa jina lake. Ushanga wa kwanza, ule unaopitishiwa uzi mara mbili ili wenzake wasimwagike, aliuita mlinzi. Uzi aliupitisha kwanza kwenye nta ya nyuki, naye hakukubali uitwe uzi kabla haujapita hapo. "Huo bado ni unywele," alisema. "Mpe nta, ndipo awe uzi."

Boma lile lilikuwa na desturi yake lenyewe. Mke akiolewa pale, huitwa mgeni. Si tusi, ndicho cheo cha kuanzia. Mgeni huupima mkono wa mama mkwe wake kwa uzi, akaacha nafasi ya kidole kimoja, kisha huketi nyumbani na sindano yake akamtungia bangili. Mama mkwe akiivaa, basi naye huupima mkono wa mgeni, humtungia ya kwake, na siku ya kumvika, mbele ya wanawake majirani, humwita kwa jina. Tangu siku hiyo mgeni amekwisha. Anaweza kufungua ghala bila kuuliza. Anaweza kumwambia mama mkwe wake, "Hapana." Mpaka siku hiyo, hawezi.

Nemburis mwenyewe alipokuja pale alifumulishwa bangili yake mara tatu. Alilia mara ya kwanza, akanuna mara ya pili, na mara ya tatu alinyamaza tu. Alipokuwa mtu mzima aliamini kwamba kule kufumua ndiko kulikompa mikono. Labda ni kweli. Sisi nasi si tumelelewa hivyo?

Meshili akaoa. Mke aliyemleta aliitwa Resiato, binti aliyelelewa na shangazi yake ng'ambo ya mto. Alikuja amejaa afya, mashavu ya kubonyea, mikono ya mviringo. Hakuwa amezoea shanga, lakini alikuwa mwepesi wa kujifunza. Akaupima mkono wa mama mkwe wake, akaketi mlangoni kwake, na baada ya siku kadhaa akaleta kazi yake kwenye kitambaa.

"Yeyo," akasema, maana ndivyo mama anavyoitwa huko, "nimemaliza."

Nemburis akaipokea. Akaivuta ncha hii na ncha ile. Akaigeuza tumbo juu.

"Uzi umelegea hapa. Umeona?"

"Nimeona, yeyo."

"Na huyu ushanga. Wenzake wote wembamba, yeye ana tumbo kama mwenyekiti wa kitongoji. Nani kamwalika?"

Resiato akacheka. Nemburis naye akacheka, maana alipenda mtu anayecheka vizuri. Kisha akaiweka ile bangili juu ya kitambaa na kuisukuma mbele yake kwa kidole kimoja.

"Kafumue," akasema.

Mara ya kwanza neno lile lilikuwa na utani ndani yake. Mara ya pili utani ulipungua. Mara ya tatu Nemburis alisema rangi zimekosana: machungwa hailali karibu na nyekundu, lazima nyeupe iingie katikati, kama mke mdogo anavyotenganishwa na mke mkubwa. Mara ya nne alisema fundo la mwisho linaonekana. Na yote hayo, ndugu zangu, yalikuwa makosa ya kweli. Nataka mlijue hilo. Nemburis hakusema uongo. Uzi ulikuwa umelegea. Fundo lilionekana. Mtu akitaka kosa katika kazi ya mkono wa binadamu, atalikosa wapi?

Ikawa hivyo. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja. Resiato alichota maji, alipalilia, alikamua, alipika, aliwapelekea wote chakula, naye akala mwisho, kama wageni wanavyokula katika boma lile. Jioni, kazi zikiisha na mwanga ukiwapo bado, aliketi na kopo lake la shanga. Alizaa mtoto wa kike. Bibi yake akampokea mikononi, akamwangalia, akamwita Nasieku saa ile ile, mbele ya watu wote waliokuwapo. Mtoto akapata jina siku moja. Mama yake, aliyekuwa amelala pale pale akivuja jasho, akaendelea kuitwa mgeni.

Nasieku alipoanza kusema, alikuwa na mdoli wa gunzi la hindi. Siku moja walimsikia akimsemesha. Alikuwa amemfunga gunzi uzi shingoni, akamtazama kwa macho ya ukali, akampa mgongo na kusema, "Kafumue." Nemburis akacheka mpaka akashika ubavu. Akamwita jirani yake, Nolari, aje asikie. "Huyu ni wangu," akasema. "Huyu damu yangu haikupotea njia." Na Resiato, aliyekuwa akipepeta maharage pembeni, hakuinua kichwa.

Nolari huyo alikuwa mwanamke wa umri wa Nemburis, mjane, mwenye ulimi usiolala. Siku hiyo hiyo, akiondoka, alisema mlangoni, "Mama Meshili, huyo mgeni wako anakula?"

"Chungu anakishika yeye," Nemburis akajibu. "Mshika chungu hufa njaa?"

Nolari akamtazama. Akasema, "Haya," akaenda zake. Neno hilo likaishia hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipoingia, na kosa lenyewe halikuingia kwa mlango wa makosa.

Macho ya Nemburis yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho alikuja polepole, kama moshi wa jiko la jirani, ambao hujui ulianza saa ngapi. Kwanza alilaumu shanga. Alisema shanga za siku hizi zimechujuka, buluu ya leo na nyeusi ya leo ni mtu na ndugu yake. Kisha alilaumu sindano kwamba matundu yake yamezibwa kiwandani. Aliacha kutunga, akasema mikono imechoka. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mwanawe. Mama aliyepata jina lake kwa macho yake angesemaje kwamba macho yamekwisha? Angebaki na nini?

Alasiri moja Resiato akaja na kitambaa. Hakusema tena, "Yeyo, nimemaliza." Alikuwa ameacha kusema. Alikitandaza tu kitambaa magotini pa mama mkwe wake, akasimama.

Nemburis akaichukua bangili. Akaivuta, haikulegea. Akapitisha kidole gumba juu ya safu. Kilipita kama juu ya ngozi ya nyoka, laini kabisa. Akatafuta fundo kwa ukucha, hakuliona. Akaiinua karibu na uso. Aliona wekundu, akaona weupe, na baina yake aliona ukungu.

Angesema, "Sioni," angekuwa mama wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Angesema, "Ni nzuri," angekuwa ametoa hukumu juu ya jambo asiloliona, na watu wangekuja kujua. Lililobaki mdomoni lilikuwa lile alilolizoea.

"Safu ya tatu," akasema. "Umeruka ushanga. Kafumue."

Resiato akaitwaa. Akaitazama. Akatoka nayo nje kwenye jua, akaitazama tena, kisha akarudi, akapiga magoti, akamnyoshea mama mkwe wake karibu kabisa na macho.

"Wapi, yeyo? Niwekee kidole."

Nemburis akaweka kidole.

"Hapo."

Kidole kilikuwa juu ya kifungo, nje kabisa ya safu.

"Nimeona, yeyo," akasema Resiato, kwa sauti ile ile aliyoisema siku ya kwanza. Akaiweka bangili juu ya mfuniko wa kopo. Akaenda kukamua. Akapika. Akawapa chakula. Na asubuhi, ng'ombe walipotoka, naye alitoka, Nasieku mgongoni, akashika njia ya mtoni kuelekea kwa shangazi yake.

Meshili alimfuata siku ya pili. Alirudi peke yake, akaketi, akavua viatu taratibu kama mtu mwenye habari asiyopenda kuibeba.

"Amekataa?" mama yake akauliza.

"Hakunikataa mimi. Amesema hakuondoka kwangu."

"Ameondoka kwa nani, basi?"

"Kwako, yeyo." Akapangusa vumbi kwenye kiatu. "Amesema amefumua vya kutosha, na ile ya mwisho haina cha kufumua. Mimi sijui maneno yenu ya shanga. Ninachojua ni kwamba asiporudi nitahamia huko, nikalime kwa wakwe kama mtu asiye na kwao."

Hapo Nemburis akaogopa. Alimwogopea nani? Tusimsifu haraka. Aliogopa boma tupu. Aliogopa moto usiowashwa, maji yasiyochotwa, na ukungu ule unaoongezeka kila mwezi bila mtu wa kumwambia, "Yeyo, pita huku, hapo pana shimo." Alimtaka mkwe wake arudi, lakini bado alimtaka kama mtu anavyoitaka mikono yake mwenyewe.

Akamwita Nolari. Akampa ile bangili iliyoachwa juu ya kopo.

"Niambie kosa liko wapi."

Nolari akaipeleka mwangani. Akachukua muda wake. Akahesabu safu kwa midomo.

"Kosa gani?"

"Safu ya tatu."

"Safu ya tatu ni nzima. Na ya nne nzima. Mama Meshili, hii ni kazi yako ya zamani. Umeitoa wapi?"

"Si yangu."

"Ni ya nani?"

Nemburis alinyosha mkono wake wa kushoto, Nolari akaifunga. Ikamkaa sawasawa, na nafasi ya kidole kimoja, kama desturi inavyotaka. Mgeni alikuwa ameupima mkono ule mara nyingi mno hata angeweza kuutungia gizani. Na Nemburis, aliyekuwa hajalia tangu alipomzika mumewe, akageuza uso ukutani.

Baada ya hapo akaamua. Kwa kuwa amekwisha kuvaa, desturi inamdai amtungie mgeni ya kwake. Ataitunga. Ataipeleka mwenyewe ng'ambo ya mto. Atamvika, atamwita kwa jina, na mambo yatakwisha.

Wakaketi mlangoni, yeye na Nolari. Nolari akazimwaga shanga na kuzitenga rangi katika vifuniko vya chupa: nyekundu huku, nyeupe huku, machungwa na buluu na kijani. Akaupitisha uzi kwenye nta. Akautia sindanoni, akamkabidhi. Hakusema neno juu ya macho. Ulimi ule usiolala, siku hiyo ulijua pa kulala.

Lakini Nemburis alipouvuta uzi ili aukate, Nolari akauliza, "Umempima?"

"Nani?"

"Huyo unayemtungia."

"Yuko ng'ambo. Nitampima vipi?"

"Tuma mtu akupimie."

"Nimtume mtu akampime mkwe wangu, waseme sijui mkono wa mkwe wangu? Nimekaa naye boma moja. Mkono ule ninaujua." Akauzungusha uzi kwenye mkono wake mwenyewe, akapunguza kidogo kwa kukisia, akakata. "Alikuja hapa ana mikono kama mikate ya sinia. Unakumbuka?"

"Alipokuja nakumbuka," akasema Nolari.

Akatunga mlinzi. Akatunga safu ya kwanza kwa kugusa, akiziokota shanga kwa ncha ya sindano kutoka kifuniko kimoja na kingine, huku Nolari akivisogeza mkononi mwake: nyekundu, sasa nyeupe, nyeupe tena. Sindano ilimchoma, akanyonya kidole, akaendelea. Safu ya pili ikapanda juu ya ya kwanza. Kazi iliyokuwa ya asubuhi moja zamani, sasa ilikula siku baada ya siku. Katika safu ya nne Nolari akamshika mkono.

"Hapa umeruka."

"Iache."

"Inaonekana, Mama Meshili."

"Iache, nimesema. Nani atatazama?"

Nolari akasogeza kifuniko cha nyeupe. "Ingekuwa ya mgeni?" akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Nemburis akaingiza sindano katika ushanga uliofuata.

Ilipokwisha, alifunga safari. Meshili alimshika mkono mpaka mtoni na kumvusha, akabaki nje ya ua wa wakwe zake, maana mambo yale yalikuwa ya wanawake. Shangazi wa Resiato, jina lake Sintamei, akatoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyepoteza maneno.

"Karibu, Mama Meshili. Umekuja kumfuata nani?"

Swali la haki. Nemburis alikuwa amelitayarisha jina njia nzima, na bado lilipotoka lilitoka limekauka, kama mlango wa ghala usiofunguliwa misimu mingi.

"Resiato," akasema. "Nimekuja kumfuata Resiato."

"Kumbe unalijua," akasema Sintamei, akamwekea kigoda.

Wanawake wawili watatu wa pale wakasogea. Resiato akatoka ndani, mtoto akimshika nguo. Akamsalimu mama mkwe wake kwa adabu yote, akaketi chini mbele yake. Nemburis akaonyesha kwanza mkono wake wa kushoto.

"Nimeivaa yako," akasema. "Haina kosa. Nilikosa mimi. Macho yangu, mwanangu, yamekwisha, nami nikaona aibu kusema."

Ndugu zangu, maneno hayo yalimgharimu. Msimnyang'anye. Sintamei mwenyewe aliinamisha kichwa. Na kama hadithi ingeishia hapo, leo tungeimba wimbo, tukaenda nyumbani tumefurahi.

Nemburis akaitoa ile bangili mpya kifuani. Akamwambia, "Leta mkono." Resiato akaunyosha. Mama mkwe akatafuta kifungo kwa vidole, akatafuta kitanzi, akavifunga, akasema mbele ya wanawake wale, kwa sauti yake kubwa ya zamani, "Resiato, mke wa Meshili, mama wa Nasieku. Mgeni amekwisha."

Resiato akaushusha mkono.

Bangili ikatelemka. Ikapita kifundo, ikapita kiganja, ikapita vidole, ikaanguka mavumbini kati ya magoti yao.

Nemburis akadhani kifungo kimefunguka. Akapapasa chini, akaikuta, na kifungo kilikuwa kimefungwa. Ndipo alipounyosha mkono wake akaushika mkono wa mkwe wake. Alikuwa hajaushika tangu siku ya arusi. Vidole vyake vikauzunguka, vikakutana, vikapitana. Ulikuwa mfupa, na ngozi, na mishipa.

"Mkono huu," akasema, na sauti ile kubwa haikuwapo tena, "umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana, yeyo," Resiato akasema. "Ulikuwa ukitazama shanga."

Kisha akaiokota bangili. Akaipuliza vumbi. Akaivuta ncha hii na ncha ile, akaigeuza tumbo juu, akapitisha kidole gumba juu ya safu ya nne, kikasimama pale palipokosa ushanga. Hakuwa na hasira. Alifanya kila kitu kwa mpango, kama alivyofundishwa. Akaufungua mkono wa mama mkwe wake, akaiweka bangili ndani yake, akavikunja vidole vya mama yule juu yake, kimoja kimoja.

"Hiyo uliyoivaa kaa nayo," akasema. "Lakini hii, yeyo, kafumue."

Nemburis akavushwa mto. Nyumbani akaketi mlangoni, akakata fundo kwa meno, akaanza kufumua. Kufumua hakuhitaji macho. Shanga zilirudi katika kopo moja, rangi zote pamoja, na hapakuwa na mtu wa kuzitenga.

Mtauliza, alirudi? Mfano huu haukuletwa ili mlale vizuri.

Nimewaona mlivyokuwa mkitikisa vichwa. Kila mmoja hapa amekwisha kumtafutia Nemburis sura: ni mama yule, ni mzee fulani wa usharika, ni bibi wa jirani. Wengine, na hasa nyinyi mliotoa leso, mmejiona Resiato. Basi nianze nanyi. Lile neno, "kafumue," Resiato alizaliwa nalo? Alitoka nalo kwa shangazi yake? Alilikuta bomani. Alilala nalo njaa, akaamka nalo, akapewa badala ya jina. Siku alipopata nafasi ya kutoa kitu, akatoa alichokuwa nacho. Na Nasieku, anayemshika nguo, alilijua kabla hajajua kuhesabu. Siku moja Nasieku naye atakuwa mama mkwe wa mtu.

Hicho ndicho sisi tunachorithisha. Bangili tuliizuia, neno tukalitoa bure.

Sisi tunayajua makosa ya watu kwa majina. Muulize mzee wa kanisa juu ya kijana aliyeacha kwaya, atakueleza kosa lake, mwezi wake na aliyekuwapo. Muulize kijana yule anakula wapi siku hizi, atasema, "Hilo sijui." Tuna watu waliobatizwa humu humu, wamefagia humu, wamebeba benchi hizi juu ya vichwa, na bado tunawaita "wale waliokuja." Yule dada aliyekuja na mtoto bila mume. Yule bwana aliyetoka dhehebu jingine. Kila mwaka wanaleta kitambaa, wanatandaza kazi yao magotini petu, nasi tunavuta ncha hii na ncha ile. Na makosa tunayaona, na ni ya kweli. Mpaka siku tunapoyaona hata pale yasipokuwapo, maana macho yetu yamekwisha na mdomo haujapewa habari.

Halafu wakiondoka, tunashtuka. Tunaunda kamati. Tunawapelekea zawadi tuliyoikata kwa kipimo cha mkono wetu wenyewe, tunasema, "Tunawajua hawa, tumekaa nao." Ikianguka mavumbini tunasema hawana shukrani.

Mungu hakumkisia mtu hata mmoja kati yetu. Mkono wa kila mtu aliushika kwanza. Sisi tunaojiita wake tumejifunza wapi kutunga bila kupima?

Ibada itakwisha sasa hivi. Tutatoka kwa wimbo kama kawaida yetu, tutasimama nje kwa duara, tutapeana mikono mtu na mtu mpaka wa mwisho, na tutafanya haraka, maana jua ni kali na chakula kinangoja. Leo msifanye haraka. Mkiushika mkono wa mtu, utazameni. Tazameni kama umekonda. Na kama humjui jina mwenye mkono huo, usiuachie kwanza. Muulize.